Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuzuru Studio za Wasanii Pembezoni mwa Nairobi

Studio ya msanii si duka, wala si ukumbi wa maonyesho. Ni mahali pa kazi, na ukishatoka mjini mara nyingi huwa ni nyumbani kwa mtu pia: picha zimeegemezwa ukutani sebuleni, ng'ombe yuko nyuma ya banda la kuchongea, na mtoto anamalizia kazi ya shule kwenye meza ileile inayokatiwa karatasi za chapa. Ukilishika hilo tangu mwanzo, maandalizi mengine yote yanakuja yenyewe. Wengi wanaorudi wakisema hawakuona cha maana walifika bila kupiga simu, wakapita studio tano kwa siku moja, wakapiga picha na kuondoka. Hakuna mwenyeji aliyepata nafasi ya kuwatolea kitu chochote.

Kwa hiyo la kwanza: siku moja, upande mmoja. Kaskazini-magharibi, Barabara ya Limuru inakupitisha Ruaka na Banana hadi kwenye mashamba ya chai, na Ngecha iko pembeni yake. Kusini, unashika Barabara ya Magadi hadi Rongai, kisha unakata kuelekea Tuala, ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kutoka upande mmoja hadi mwingine ni safari ndefu. Anayepanga Banana asubuhi na Tuala alasiri ataimaliza siku yake kwenye foleni ya magari. Studio mbili zinatosha. Tatu ni nyingi, labda ziwe za majirani.

Pande zote mbili zina historia inayostahili kusomwa kabla ya safari. Ngecha ni kijiji cha wakulima kilichozaa wachoraji wengi ajabu, na mwaka 1995 wakajiunga pamoja katika chama chao. Sane Wadu, aliyeacha ualimu akashika brashi, ni mmoja wa waanzilishi. Mwaka 2022 NCAI, taasisi ya sanaa ya kisasa iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, ilifanya onyesho kubwa la kazi zake hapa Nairobi. Banana kuna jumba la sanaa la Shine Tani, ambaye kabla ya uchoraji alikuwa mwanasarakasi. Ukipitia upande wa Barabara ya Kiambu, Ridgeways, kuna kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, kilichoanzishwa mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake, kikaungua mwaka 1997 na bado hakikufa. Kusini kuna Kitengela Glass, kazi aliyoianzisha Nani Croze, ambako chupa na vioo vilivyotupwa huyeyushwa na kuwa glasi, shanga na madirisha ya rangi.

Wasanii hawakuenda huko kwa kupenda mandhari tu. Anayechora kanvasi ya mita mbili anahitaji ukuta mrefu na mwanga. Mchonga mawe anahitaji majirani wasiolalamikia vumbi na kelele. Na kodi ya mjini haiwaachii nafasi hiyo. Ukilijua hili hutashangaa kukuta jina kubwa likifanya kazi chini ya mabati, katikati ya shamba la mahindi.

Kama hujawahi kuingia studio yoyote, anzia ndani ya mji kwanza. Nenda kituo kiitwacho Kuona, Kilimani, ambako wasanii wamegeuza makontena kuwa vyumba vya kazi. Nenda kwa Maasai Mbili, Kibera, kikundi kilichoanzishwa mwaka 2001 na waandika mabango. Au kikundi cha Wajukuu, Mukuru, waliotoka mtaani wakaalikwa kwenye documenta, onyesho kubwa la kimataifa la sanaa mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, na kutunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Huko utazoea kukaa na msanii bila haraka, na ndiko utakakopata namba za wenzao walioko nje ya mji. Msanii akikuunganisha na mwenzake, unapokelewa kama mtu anayejulikana.

Simu ndiyo maandalizi makuu. Piga siku mbili tatu kabla, kisha tena asubuhi ya safari, maana mambo hubadilika: kuna matanga, kuna mtoto mgonjwa, kuna kazi ya mteja inayotakiwa jioni hiyo. Ukiambiwa njoo siku nyingine, kubali bila kuuliza sababu. Uliza kama ni siku ya kazi nzito, kwa mfano siku ya kuwasha tanuri au ya kuchomelea chuma, kwa sababu wengine hupenda uone na wengine hawataki mtu karibu. Uliza mko wangapi mnaoruhusiwa. Uliza kuhusu mbwa. Na usiridhike na alama kwenye simu peke yake, kwani ramani inaweza kukuacha upande wa pili wa ua wa miti na bonde katikati. Omba alama za watu wa huko: steji gani, shule gani, kanisa gani, geti la rangi gani. Ukichukua boda, mpe mwendeshaji azungumze na mwenyeji moja kwa moja. Jumapili asubuhi usipange. Watu wako kanisani.

Kuhusu mvua, miezi ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba inataka tahadhari. Udongo mwekundu wa Kiambu unateleza, lakini gari lenye magurudumu mazuri hupita. Udongo mweusi wa Tuala na Kitengela ni kisa kingine: unanata kwenye magurudumu hadi hayazunguki tena, na gari dogo linakaa hapohapo mpaka trekta ije. Ikiwa imenyesha usiku kucha, mpigie mwenyeji umuulize hali ya barabara. Yeye anaijua kuliko utabiri wowote. Juni hadi Agosti tatizo ni baridi. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukungu unaweza kukaa hadi karibu saa sita mchana, kwa hiyo beba sweta hata kama Nairobi umeacha jua. Fika kuanzia saa tano na uondoke kabla ya saa kumi na moja. Picha inaonekana vizuri kwa mwanga wa mchana, na studio nyingi hutegemea mwanga huohuo, hasa stima ikipotea.

Vaa viatu vya kufunika vidole. Sakafu ya mchongaji ina vipande vya mbao na misumari, ya mfanya vioo ina vipande vya vioo visivyoonekana. Acha begi kubwa la mgongoni mlangoni, kwa maana ukigeuka nalo unaweza kuangusha kazi ya miezi. Mwenye pumu abebe dawa yake: tapentaini, vumbi la msasa na rangi ya kupuliza hukaa hewani muda mrefu baada ya kazi kwisha. Cheche za kuchomelea usizitazame kwa macho matupu, na umwambie mtoto hivyo kabla hamjashuka garini. Watoto wapelekwe, na wasanii wengi huwafurahia, ila mtoto ashikwe mkono na mwenyeji aulizwe kwanza: sanamu ya mawe inayumba kirahisi, na uzito wake unaweza kuvunja mguu.

Usiende mikono mitupu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na wewe unaingia boma la watu. Mkate, sukari, matunda ya njiani, vinatosha. Ukikuta mzee au mama wa nyumbani, msalimie yeye kwanza kabla ya kukimbilia picha. Chai ikiletwa, kaa uinywe. Mazungumzo yenye maana huanza wakati wa chai, na nimeona kazi nzuri kuliko zote za ukutani zikitolewa chini ya kitanda baada ya kikombe cha pili.

Hapa kwenye kutazama na kuuliza ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Tafuta kazi zake kwenye intaneti kabla, ujue angalau anafanya nini. Swali la kwanza lisiwe "ulichukua muda gani?" Linasikika kama unapiga hesabu ya kibarua. Muulize alianza na nini kwenye picha hiyo, nini kiliondoka njiani, ipi imemshinda mpaka sasa. Omba kuona daftari la michoro kama hatajali. Utazame na ukuta wenyewe wa kazi: kwa mchoraji wa rangi utakuta mistari iliyozunguka nafasi tupu za pembe nne, moja juu ya nyingine, za bluu, za udongo, za kijani. Kila nafasi ni kanvasi iliyopachikwa hapo, ikachorwa hadi ukingoni, kisha ikaondoka. Muulize moja ilikwenda wapi, na utapata hadithi ya mnunuzi, ya deni, au ya picha iliyopakwa upya.

Kwa msanii wa chapa, yaani anayechonga picha kwenye ubao, akaupaka wino na kuugandamiza kwenye karatasi, mwombe akuonyeshe ubao. Uinamishe kwenye mwanga uone mikato, mingine myembamba kama unywele. Alichokitoa kwa patasi ndicho kitakachobaki cheupe. Wino unashika palipobaki juu tu. Tena kila kitu amekichonga kinyume, kushoto kuwe kulia, hata maandishi. Chini ya karatasi utaona namba kwa penseli, kama 4/15: nakala ya nne kati ya 15. Mwaminifu hachapi ya 16. Ukiwa umeushika ubao huo mkononi, bei ya karatasi haikushangazi tena.

Picha za simu, omba ruhusa kwa kila kazi, hasa ambayo haijakwisha. Wazo likisambaa kabla ya kazi kutoka, kuna watu watalinakili na kuliuza wiki ijayo. Na ujue sheria: kununua picha hakukupi haki ya kuichapisha kwenye fulana au kalenda. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na marekebisho ya 2019 yanampa asilimia 5 ya bei kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Kwa hiyo ukija kuiuza baadaye kupitia mnada au jumba la sanaa, jina lake bado limo kwenye hesabu.

Pesa, amua ukiwa nyumbani. Jua kiasi unachoweza kutoa bila kujuta, kisha kiseme wazi: "Nina shilingi elfu nane, kuna kitu cha kiasi hicho?" Msanii haoni aibu kwa swali hilo. Atafungua droo ya michoro midogo, au chapa, na pengine utapenda hicho kidogo kuliko kilichokuwa ukutani. Kupunguziana bei kama sokoni mimi sikubaliani nako. Jumba la sanaa linapouza kazi hukata fungu lake, mara nyingi theluthi moja au zaidi, na wengine hudhani kwamba kwa kuwa wako studioni, fungu hilo ni lao. Si lao. Msanii anayeuza kwa bei mbili huharibu jina lake kwa anayemuuzia mjini. Ukitaka kumwomba kitu, omba kulipa kidogo kidogo; wengi hukubali. Andikeni tarehe na kiasi, picha ikae kwake hadi malipo yaishe.

M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali, ila malipo ya mara moja hayapiti shilingi 250,000, na mtandao mabondeni huyumba, basi beba na noti kiasi. Dai karatasi yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo na sahihi. Kama hununui, sema ukweli: nimefurahi, leo sinunui. Usiahidi kurudi mwisho wa mwezi kama hutarudi. Mtu huyo anaweza kumkatalia mnunuzi mwingine akikungoja wewe.

Mwisho ni namna ya kubeba, na huku wengi hawajiandai kabisa. Rangi ya akriliki hukauka siku hiyohiyo. Ya mafuta huweza kuwa mbichi wiki nzima au zaidi, kwa hiyo uliza kabla ya kugusa. Beba shuka safi la kufungia na kadibodi mbili za pembeni. Usizungushie nailoni moja kwa moja juu ya rangi, maana kwenye gari lenye jua inaweza kugandana nayo. Kanvasi ikitolewa kwenye fremu, ikunjwe upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba pana, isivunjwe mikunjo. Kioo kifungwe kwa magazeti na leso, kipakatwe. Sanamu ya mbao iliyozoea unyevu wa Limuru usiiweke karibu na dirisha la jua au jiko, inapasuka. Kwenye matatu, elewana na konda kabla hujapanda na ulipie kiti cha picha. Kanvasi inayozidi mita moja usiipakie kwenye boda, kwa sababu upepo ukiishika inaweza kuwaangusha nyote wawili. Lipa, iache kwa mwenyewe, mpatane siku utakayokuja na gari.