Seva ya Tawi Jingine Isipopatikana kwa Jina

Mfanyakazi aliye katika tawi la Westlands, Nairobi, akilalamika kwamba hawezi kufungua faili zilizo kwenye seva ya tawi la Industrial Area, usikimbilie kuzima na kuwasha ruta. Muulize kwanza anaitafutaje seva hiyo: anaandika jina lake, au anasubiri ijitokeze kwenye orodha ya kompyuta za mtandao? Hayo ni matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Katika kompyuta yake, kwenye sehemu ya anwani ya File Explorer, andika \\192.168.10.5, ukiweka anwani halisi ya seva yenu. Usitegemee peke yake amri ya ping, inayopima kama kompyuta nyingine inajibu, kwa sababu seva isiyo na tatizo lolote inaweza kuwa imepangwa isiijibu. Folda zikifunguka kwa namba na kukataa kwa jina, VPN, ile njia salama ya intaneti inayounganisha matawi, haina kosa. Kinachokwama ni kutafsiri jina kuwa anwani.

Hapo fungua Command Prompt, andika ipconfig /all, utazame mstari wa seva za DNS, zile zinazotafsiri majina kuwa anwani. Ukikuta 8.8.8.8, chanzo ni hicho: ni DNS ya umma ya Google, nayo haiwezi kujua kwamba ofisini kwenu kuna seva iitwayo hesabu. Fundi anayefunga intaneti ya tawi huenda akaacha ruta ikigawa anwani kama hiyo, na kwa kuwa tovuti zote zinafunguka, hakuna anayeshtuka. Badilisha mpangilio wa DHCP (huduma inayozigawia kompyuta anwani) wa tawi, uweke DNS ya ofisi. Wengi huiacha ile ya umma iwe ya akiba, jambo ambalo siliungi mkono hata kidogo, maana Windows ikishahamia kwenye ya akiba, jina linapotea asubuhi na kurudi mchana, na hitilafu ya kuja na kuondoka ndiyo inayochosha kuliko zote.

Kisha andika ipconfig /renew na ipconfig /flushdns, ujaribu nslookup hesabu, amri inayoiuliza DNS moja kwa moja. Likishindikana jina fupi lakini hesabu.ofisi.internal likajibu, kompyuta imekosa kiambishi cha kikoa, yaani ile ofisi.internal inayoongezwa mwishoni mwa jina. Na nslookup ikitoa anwani sahihi ilhali ping inaelekea kwingine, fungua faili ya hosts, orodha ya majina na anwani ya kompyuta yenyewe, iliyo katika C:\Windows\System32\drivers\etc, kwa kuwa nslookup haiisomi. Niliwahi kupoteza nusu siku Upper Hill kwa mstari mmoja uliobaki humo tangu enzi za seva iliyokwisha kuondolewa.

Ama orodha ya kompyuta, kutoonekana kwa tawi jingine si ugonjwa. Utafutaji huo hutegemea matangazo (ujumbe unaotumwa kwa kompyuta zote za mtandao mmoja) ambayo kwa kawaida ruta haiyavushi, na ule wa zamani ulitegemea SMB1, toleo la kwanza la itifaki ya Windows ya kushirikiana faili, ambayo Windows 10 toleo la 1709 la mwaka 2017 iliacha kuisakinisha kwa kawaida. Usiirudishe, WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili na kudai fidia, ilisambaa mwaka huohuo kupitia udhaifu wa SMB1. Mwekee mfanyakazi njia ya kudumu ya \\hesabu.ofisi.internal kwenye kompyuta yake, asiitegemee orodha tena.