Jinsi ya kuingiza sola ya zahanati kwenye bajeti ya manispaa, kwa sisi wa Dar

Jamani, tukitaka umeme wa jua kwenye majengo ya umma, pesa ziko halmashauri ya manispaa (kwa Ilala, ya jiji) na zina msimu wake. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai lakini ukienda Mei umeshachelewa, halmashauri zinaanza kuandaa bajeti mwishoni mwa mwaka na madiwani wanaipitisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kwa hiyo we anza Septemba.

1. Chagua jengo moja. Mimi nasema zahanati, maana hakuna anayetaka mama ajifungue kwa tochi ya simu. Ukiomba "nishati jadidifu kwa kata nzima" hakuna atakayejua aandike shilingi ngapi.

2. Pata hesabu. Muone mganga mfawidhi kwa heshima, akuonyeshe vitu ambavyo havitakiwi kuzima: friji la chanjo, taa za leba, hadubini ya maabara. Andika wati na masaa ya kila kimoja, mfano taa 6 za wati 10 zikiwaka masaa 12 ni wati-saa 720, yaani haifiki hata uniti moja ya LUKU, ambayo ni wati-saa 1,000. Afu fundi akupe makadirio yenye betri na matengenezo ndani yake, betri ikichoka na hakuna fungu la kuibadilisha mradi umekufa.

3. Mkutano wa mtaa, hapa ndo penyewe. Nenda mapema kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa uombe iwe ajenda kamili, isitupwe kwenye "mengineyo" ambako watu wameshaanza kunyanyuka viti. Waacheni kinamama wa kliniki waongee wenyewe. Mkikubaliana usiondoke hadi uone mtendaji anaandika azimio, mfano: "Mkutano umeazimia kuiomba Halmashauri itenge fedha katika bajeti ijayo kwa ajili ya mfumo wa sola na betri wa zahanati." Ikiandikwa tu "wananchi waliomba umeme" huna cha kumdai mtu yeyote. Chukua nakala ya muhtasari, iwe na muhuri.

4. Azimio lipelekeni Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, kwa hiyo ongea na wenyeviti wa mitaa ya jirani kabla ya kikao. Utaulizwa tu, "Si tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, sola ya nini?" Jibu kwa upole: bwawa ni zuri mheshimiwa, ila nguzo ikianguka huku mtaani friji la chanjo linazima vilevile, na Ubungo na Kinyerezi bado tunachoma gesi kupata umeme. Nakala nyingine mpe mbunge, naye ni mjumbe wa baraza la madiwani.

5. Baraza likikaa nendeni mkasikilize, vikao viko wazi kwa wananchi. Bajeti ikipita tafuta mstari wenu, ukikuta "ukarabati wa zahanati" tu, andika barua uulize kama sola imo.

Wenye nguvu ya kwenda mbele zaidi, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inafanya taftishi, yaani mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi, kabla ya kupandisha bei ya umeme, na Juni Kamati ya Bunge ya Bajeti inapokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha, hoja ya kodi ya betri pelekeni huko.

6. Oktoba, robo ya kwanza ya mwaka mpya wa fedha ikishaisha, rudi kwa mtendaji wa kata na muhtasari wako mkononi uulize pesa imetoka au bado.