Kuomba kadi ya ulemavu kwa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo: tulivyopitia sisi, Kisumu

Mume wangu ni mwalimu. Alipasuliwa uvimbe wa ubongo, kidonda kikapona, nywele zikaota, na ukimwona akivuka barabara pale Kondele huwezi kudhani ana neno. Hapo ndipo penye ugumu wa ombi hili, na hapo ndipo tulipopoteza miezi minne.

Unaanza na tathmini ya kimatibabu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Si kila hospitali hufanya, na zinazofanya zina siku zake, basi uliza kabla hujapanda matatu.

Mara ya kwanza tulibeba picha za ubongo za MRI tu, tukiamini zinajieleza. Daktari alimuuliza jina na tarehe, akamwambia atembee hadi dirishani na kurudi. Alijibu sawa, akatembea sawa. Fomu ikaandikwa kwamba hana ulemavu. Tulirudi nyumbani bila kusemezana.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba pale hawapimi ugonjwa. Wanapima kile ambacho mtu hawezi tena kukifanya, na kama hali hiyo itadumu. Neno "uvimbe" peke yake halitoshi, hata likiwa la kutisha vipi. Kwa hivyo rudi kwanza kliniki, umwombe daktari anayemtibu aandike barua ya kueleza madhara yenyewe: kifafa, mkono kulegea, maneno kupotea, jicho kutoona upande mmoja. Aseme waziwazi kama ni ya kudumu. Ambatisha ripoti ya MRI iliyoandikwa, si picha tu.

Halafu weka daftari. Langu lilikuwa la wiki sita. "Jumanne: ameanguka kifafa akipiga mswaki, dakika tatu, kisha amelala hadi saa nane mchana." "Alhamisi: amewasha gesi, akaenda kulala." "Ijumaa: amesoma orodha ya darasa, alama zilizo upande wa kulia hakuziona."

Na anayeishi na mgonjwa aingie naye chumbani. Ukiambiwa usubiri nje, omba kwa heshima ueleze sababu. Ugonjwa huu unaweza kumnyima mtu hata kujua alichopoteza. Ukimuuliza anakwambia yuko sawa, naye anaamini hivyo.

Safari ya pili daktari alisoma daftari lote, kisha akainua kalamu. "Mwalimu, hii ni nini?" Mume wangu aliitazama, kitu alichokishika miaka ishirini. "Ni ile... ya kuandikia." Daktari akasubiri. Jina halikuja. Nililia, lakini siku hiyo fomu ilijazwa ukweli.

Wizara ya Afya ikishaidhinisha, unajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Hapo si pagumu. Ukisaidiwa kwenye saiba (duka la intaneti), tumia nambari yako ya simu, na usimwachie mtu nywila.

Kadi yenyewe si pesa. Aliye na mshahara aombe cheti cha msamaha wa kodi cha KRA, mamlaka ya kodi, kupitia tovuti yao ya iTax, ambapo shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi hazikatwi kodi. Hakikisha ritani zote zimewasilishwa, na mwajiri aandike barua ya kueleza jinsi ulemavu unavyogusa kazi. Barua ya kwanza ya shule ilisema tu kwamba "anaugua". Nilimwomba mwalimu mkuu aiandike upya, ataje vipindi alivyopunguziwa na kwamba hasahihishi tena mitihani.

Asiye na kipato, na anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana, aulize kwa chifu kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia kaya zisizojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila kaya. Kadi haikuingizi humo moja kwa moja. Muulize chifu usajili unafunguliwa lini, na usichoke kurudi.

Cheti cha msamaha wa kodi cha KRA kinadumu miaka 5. Andika tarehe ya mwisho nyuma ya daftari lile lile, na uendelee kulijaza, maana ushahidi mtaombwa tena.