Pilau ya 150 inakuachia ngapi? Hesabu za hoteli ndogo, TOT na kibali cha kaunti

Kwa hoteli ndogo nchini Kenya, kodi inayouma zaidi ni TOT (Turnover Tax, kodi ya mauzo ghafi), kwa sababu hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Tangu Julai 2023 ni 3% (awali ilikuwa 1%) kwa anayeuza zaidi ya shilingi milioni 1 na hadi milioni 25 kwa mwaka. Mafuta ya kupikia yakipanda, faida inashuka lakini kodi inabaki palepale. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kujua kila sahani inakuachia nini.

Nunua mizani ya jikoni. Pika pilau ya kilo moja ya mchele na nusu kilo ya nyama, kisha upime sufuria nzima, ukitoa uzito wa sufuria tupu. Mara nyingi utapata kama kilo tatu na nusu, yaani sahani kumi za gramu 350. Tuseme mchele ni 170, nyama 300, mafuta, vitunguu, nyanya na bizari 110, makaa 40. Jumla 620, sahani moja 62. Ukiuza 150, zinabaki 88 za kodi ya nyumba, mishahara, maji, stima na kibali. Baada ya hizo zote huenda zikabaki 15. TOT ya sahani hiyo ni 4.50, karibu thuluthi ya kilichobaki.

Sasa tazama upawa. Mpakuaji akizidisha gramu 50 tu kwa kila sahani, kwenye sahani 60 amegawa kilo tatu, sawa na sahani nane na zaidi. Mteja hata hajui kwamba ameongezewa. Dawa ni bakuli moja la kupimia linalojaa gramu 350 sawasawa, likae ndani ya sufuria, na upawa uwekwe mbali. Anayetaka kidogo auziwe nusu sahani kwa bei yake, asipunguziwe kwa macho.

Bei usiipandishe kwa vyakula vyote siku moja. Chai na mahamri ndivyo wateja wanavyovikumbuka bei, kwa hiyo viache mwisho. Anza na vile ambavyo viungo vyake vimepita 40% ya bei ya kuuzia, uongeze kumi kumi. Chakula kisicholipa hata baada ya hapo kitoke kwenye ubao. Ni vigumu kukiondoa kama mzee fulani hukila kila siku, lakini kitoke.

Kwenye moto kuna pesa nyingi zaidi ya watu wanavyodhani. Mbaazi na maharagwe viloweke usiku kucha na umwage maji yake. Muda wa kuchemka utapungua sana. Mwali wa gesi ukiwa wa manjano na sufuria zinaingia masizi, matundu ya jiko yameziba: yazibue kwa brashi ya waya jiko likiwa limepoa. Mwali ukipanda kandoni mwa sufuria, punguza. Andika kwa chaki kwenye mtungi tarehe ulipoufunga. Mtungi wa kilo 13 ukianza kuisha siku mbili mapema na mauzo hayajaongezeka, kagua mpira wa regyuleta kwa povu la sabuni.

Turudi kwenye kodi, inayokusanywa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. TOT hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Ukichelewa kulipa kuna adhabu ya 5% na riba ya 1% kwa mwezi. Kila jioni tenga 3%: umeuza 8,000, weka 240 kwenye laini nyingine. Pesa za nyumbani zisipite kwenye till (nambari ya malipo ya simu) ya biashara, maana ukiulizwa itakuwa kazi kuthibitisha kwamba hayakuwa mauzo.

Jambo ambalo wenye hoteli wengi hawalijui: unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA ukaomba kutoka TOT na kulipa kodi ya mapato ya kawaida, inayokatwa kwenye faida. Chukua mauzo ya milioni 3 na faida ya 300,000. TOT ni 90,000. Kwa njia ya kawaida, 288,000 za kwanza hutozwa 10%, na 12,000 zilizobaki 25%, jumla 31,800. Toa nafuu ya kodi ya mtu binafsi ya 28,800, kodi ya kulipa inabaki 3,000. Tofauti ni kubwa, lakini ina sharti lake: matumizi yasiyo na risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, hukataliwa. Anayekuuzia nyanya sokoni bila risiti hiyo ni tatizo hapo, ingawa sheria sasa inamruhusu mnunuzi kumtolea ankara muuzaji mdogo asiyezidi milioni 5 kwa mwaka. Kama huweki risiti, baki TOT. Na mauzo yakifika milioni 5 kwa miezi 12, lazima ujisajili kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%. Fanya hesabu ya bei mapema, usisubiri barua.

Kwa upande wa kaunti, jumlisha kibali cha biashara, cheti cha zimamoto, usafi wa chakula, vyeti vya afya vya wapishi na ada ya ubao wa jina. Zikifika 24,000 na unafungua siku 300, hiyo ni 80 kwa siku; itie pamoja na zile 240. Kaunti nyingi hupanga ada kwa idadi ya viti au wateja, kwa hiyo soma daraja lililoandikwa kwenye kibali chako. Hoteli ya viti vinane ikiwekwa daraja la viti ishirini, hakuna atakayerekebisha usipoomba kukaguliwa upya kwa maandishi. Lipa kwa nambari rasmi ya kaunti tu. Afisa wa kanjo (askari wa kaunti) anayetaka pesa mkononi muulize ada hiyo iko kifungu gani, kwani Ibara ya 210 ya Katiba inakataza kutoza ada isiyowekwa na sheria.

Ada hizo hupangwa upya kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao bunge la kaunti lina siku 90 kuupitisha baada ya bajeti, na wananchi lazima wasikizwe kwanza. Malalamiko ya jumla hayasaidii pale. Andikeni hoteli kumi pamoja, ukurasa mmoja: nambari ya ada kwenye jedwali, kiwango cha sasa, kinachopendekezwa, mnachoomba, na hesabu ya sahani kama ile ya juu. Pelekeni nakala mbili kwa karani wa bunge, moja irudi na muhuri wa kupokelewa.