Kemo ikigoma: jinsi ya kumuuliza daktari kuhusu dawa za nano

Kama mgonjwa wenu anatibiwa Jaramogi hapa Kisumu ama Nakuru, na skani inaonyesha uvimbe unakua licha ya kemo, kabla muitishe harambee ya India juu mtu kwa WhatsApp amesema kuna dawa ya nano (dawa iliyofungwa ndani ya chembe ndogo sana), anzeni na faili. Toeni majina ya dawa zote alizopewa, dozi na tarehe, plus ripoti ya biopsi. Kama kuna doksorubisini, ile dripu nyekundu, ombeni wawajumlishie yote aliyopata, manake ikizidi kiwango inaumiza moyo na daktari atataka eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti.

Halafu uliza hivi: hii kansa imegoma aje? Seli sugu mingi hujijazia pampu kwa ukuta, inaitwa P-glaikoprotini, dawa ikiingia tu inatupwa nje vile makanga hushusha mtu hana nauli. Chembe ya nano, kama nanomita 100 hivi (nanomita ni milimita ikigawanywa mara milioni), seli inaimeza nzima nzima na dawa inafunguka huko ndani, mbali na pampu. Kwa maabara inaweza. Kwa mwili ni stori ingine, watafiti wa Toronto 2016 walipitia tafiti za miaka kumi, mingi za panya, wakapata kiasi cha kati kinachofika kwa uvimbe ni 0.7% ya dozi. So ukiambiwa inagonga kansa pekee, punguza hapo. Na kama kansa imegoma kwa njia ingine, si pampu, hii hesabu yote inabadilika.

Zenye zimepita majaribio zipo. Doksorubisini ya liposomu, yaani imefungwa kwa vipovu vidogo vya mafuta, ilikubaliwa Marekani 1995 kwa kansa ya Kaposi, baadaye kansa ya ovari iliyoshinda dawa za platinamu. Paklitakseli ya albumini, dawa ya kemo iliyoshikishwa kwa protini ya damu, ikafuata 2005, kwa kansa ya matiti iliyorudi ama kuenea. Chupa za "maji ya nano" za kuuziwa kwa stage ya matatu sio hizi, wacha nazo. Uliza mapema SHA, bima ya afya ya serikali, italipa ngapi na mizunguko ya matibabu ni mingapi.

Ikikubalika, dozi ya liposomu si ile ya kawaida, msikubali kubadilishiwa kiholela. Viganja na nyayo zinaweza kuwa nyekundu na kuchubuka, so hakuna kufua na maji moto ama kukaa kwa jiko. Dripu ya kwanza inapitishwa polepole, na uso ukiwaka, mgongo ukiuma ama kifua kikibana, ita nesi hapo hapo, usingoje iishe.