Kuchuna na kusoma ngozi ya ngisi ukiwa Kampala

Sisi tuliokulia kwenye ngege na mputa, samaki wa ziwani (sato na sangara), tukisikia ngozi ya kiumbe wa majini tunawaza magamba. Ngisi si samaki, ni jamaa ya konokono. Ukiielewa ngozi ya ngisi wa dukani, ya wale wa vilindini haitakusumbua.

Hatua ya 1. Tafuta ngisi aliyegandishwa akiwa na ngozi yake. Wengi wanaouzwa hapa wamekwisha kuchunwa, weupe kama nazi. Hao wa kukaanga tu. Myeyushe katika maji baridi yenye chumvi, gramu 35 kwa lita. Mimi mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikatumia maji ya moto. Ngozi ikaiva, ikajikunja, tukaishia kula somo.

Hatua ya 2. Mgongoni, penye rangi nyingi, chora kwa wembe mraba wa sentimita 1. Shika pembe kwa kibano, vuta polepole.

Hatua ya 3. Tandaza kipande kwenye kioo cha hadubini, dondoshea maji ya chumvi, funika kwa kioo chembamba, kuza mara 40. Hapa usiharakishe. Kila kidoa ni kifuko cha rangi, cha manjano, chekundu au cha kahawia, kimezungukwa na misuli kama spoku za baiskeli. Ubongo ukiamuru misuli ivute, kifuko hutanuka. Ikilegea, hunywea kikawa nukta. Sasa zima taa ya chini, mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Chini ya vidoa patang'aa kijani au bluu. Hiyo si rangi ya kupaka: ni vibamba vya protini iitwayo riflektini vinavyorudisha mwanga. Chini zaidi ni nyuzi za kolajeni, kisha nyama.

Hatua ya 4. Chora ulichoona, halafu ubadilishe mchoro uwe wa vilindini. Wengi wapake wekundu: mwanga mwekundu haufiki huko, kwa hiyo mnyama huonekana mweusi. Histioteuthis, ngisi mmoja wa vilindini, muongezee viungo vya kutoa mwanga, vingi tumboni, vinavyofuta kivuli chake. Wa jamii ya Cranchiidae waache wangavu kama kioo.

Ngisi mwingine wa vilindini, Lepidoteuthis grimaldii, ndiye hutukosesha. Alielezwa kisayansi mwaka 1895, kutokana na mabaki yaliyotoka tumboni mwa nyangumi, naye ana kitu kama magamba. Wanafunzi wangu humchorea ya ngege, magumu, yamepandana kama vigae. Nawaambia wafute: yake ni vijimto laini vya ngozi yenyewe.