Kumkinga Mtoto na Mbwa Bila Kupotoshwa na Jina la Mbegu

Kibao cha "Mbwa Mkali" kimebandikwa kwenye mageti mengi ya miji yetu, kuanzia Arusha hadi Nairobi, na kimezoeleka kiasi kwamba hakuna tena anayekisoma. Mtoto anayetumwa dukani hupita mbele yake kila siku. Siku geti likisahauliwa wazi na mtoto akang'atwa, swali la kwanza la majirani huwa ni lile lile: mbwa mwenyewe ni wa aina gani? Mmoja atasema pitbull, mwingine atasema buldogi, wa tatu ataapa kwamba ni mbwa wa polisi, na ubishi huo unaweza kula robo saa nzima ambayo ilipaswa kutumika kuosha jeraha. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya robo saa hiyo, na zaidi kwa ajili ya siku zinazoitangulia, maana kazi kubwa ya kumkinga mtoto hufanyika kabla hajaguswa na jino.

Kwa nini jina la mbegu halitoshi

Majina ya mbwa yanachanganya hata pale yanapotumiwa na wanaoyafahamu. German Shepherd na Alsatian, ambao wapo watu wanaowahesabu kuwa mbwa wawili tofauti, ni mbwa mmoja: Waingereza walimpa jina la pili kwa sababu ya chuki dhidi ya Ujerumani iliyoachwa na Vita Kuu ya Kwanza, na chama chao cha wafugaji, Kennel Club, kilirudisha jina la asili mwaka 1977. Neno pitbull nalo halitaji mbegu moja. Watu hulitumia kwa kundi zima la mbwa wenye kichwa kipana, kifua kilichojaa na manyoya mafupi, na chotara wengi huingizwa humo kwa kutazamwa tu, ingawa hakuna anayejua wazazi wao.

Uingereza inatufundisha jambo hapa. Sheria yake ya mwaka 1991 ilipiga marufuku aina nne za mbwa: pitbull, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Watoto na watu wazima waliendelea kuuawa na mbwa wasiokuwamo katika orodha hiyo, na baada ya miaka zaidi ya thelathini serikali ikaongeza mwingine, XL Bully, ambaye tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kummiliki nchini Uingereza na Wales bila cheti cha msamaha. Kwa kuwa Kennel Club haimtambui mbwa huyo kama mbegu, ilibidi serikali itangaze maelezo ya umbo, ikiwemo kimo cha mabegani kinachoanzia inchi 20 kwa dume na inchi 19 kwa jike, na wenye mbwa wakaanza kuwapima kwa futi kamba. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuangukia pande mbili za sheria hiyo, mmoja halali na mwingine haramu. Uholanzi, iliyokuwa imepiga marufuku pitbull mwaka 1993, iliamua mwaka 2008 kuachana na katazo hilo kwa sababu watu kung'atwa na mbwa hakukupungua.

Karibu zaidi na kwetu, Afrika Kusini ilitikiswa mwishoni mwa mwaka 2022 baada ya watoto kuuawa na mbwa waliotajwa kuwa pitbull, baadhi yao wakiwa majumbani. Maelfu ya watu walitia saini ombi la kuwapiga marufuku, wamiliki wengine wakawasalimisha mbwa wao kwa vyama vya kuzuia ukatili kwa wanyama, na kuna mahali wananchi wenye hasira waliwaua mbwa kwa mawe na moto. Hasira ile naielewa kabisa. Hata hivyo, mzazi aliyejifunza kumwogopa pitbull peke yake bado hajamkinga mwanawe na mbwa wa aina nyingine aliyefungiwa bandani kwa jirani.

Mwaka huo huo wa 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya majibu ya wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000 nchini Marekani na kusoma vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati ya mbwa hao. Watafiti walikuta kwamba mbegu inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Sisemi kwamba umbo halina maana. Boerboel, mbwa mkubwa wa ulinzi wa asili ya Afrika Kusini, mwenye kilo 60, akimrukia mtoto wa miaka mitatu, madhara yake hayalingani na ya mbwa mdogo wa kienyeji, na nyumba yenye watoto wadogo ina kila sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kuleta mbwa wa kiasi hicho. Ninachosema ni kwamba ukubwa unauona kwa macho yako, ilhali hilo jina mara nyingi umesimuliwa tu.

Yaulizeni haya badala yake

Kabla mtoto hajaenda kucheza au kulala katika nyumba yenye mbwa, hata iwe ya ndugu, mwulize mwenye nyumba bila haya: mbwa amechanjwa lini dhidi ya kichaa cha mbwa, na kadi iko wapi? Hufungwa saa ngapi, na nani humfungulia? Amewahi kumng'ata mtu, au kumrukia? Amezoea watoto, au amezoea watu wazima wa nyumba hiyo tu? Kama ni jike, ana watoto? Mwenye mbwa mwenye nia njema hataudhika, na anayesema "huyu hana shida" bila kujibu hata swali moja amekwisha kukujibu kwa namna yake.

Swali la kufungwa lina uzito mkubwa kwetu, kwa sababu mbwa wetu wengi hufugwa kwa ulinzi. Hushinda ndani ya banda dogo au kwenye mnyororo, hupewa chakula na mtu mmoja, kisha hufunguliwa usiku geti likishafungwa. Mbwa wa namna hiyo hajawahi kufundishwa kwamba mtoto anayekimbia na kupiga kelele ni kitu cha kawaida. Akichomoka mchana, kila kinachokimbia kwake ni mgeni aliyevamia. Ikumbukwe pia kwamba watoto wengi hung'atwa na mbwa wanaowafahamu, wa nyumbani au wa jirani, wala si na mbwa koko wa jalalani ambao ndio tunaowatishia nao.

Mambo ya kumfundisha mtoto

Mtoto aliye chini ya miaka sita hawezi kutegemewa kukumbuka kanuni mbele ya mbwa, kwa hiyo kanuni ya umri huo ni ya mzazi: asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata kwa dakika ya kuepua chungu jikoni. Kimo chake ndicho kinachomponza zaidi, kwa kuwa uso wake uko sawa na mdomo wa mbwa, na ndiyo maana majeraha ya watoto wadogo mara nyingi huwa kichwani, usoni na shingoni.

Aliyekwisha kuanza shule afundishwe kwamba mbwa hasumbuliwi anapokula, anapolala, anapoguguna mfupa, anaponyonyesha, wala anapokuwa amefungwa. Afundishwe kuomba ruhusa kwa mwenye mbwa kwanza: "Shikamoo mjomba, naomba kumgusa mbwa wako." Akikubaliwa, amwache mbwa aje mwenyewe amnuse, kisha amguse kifuani au ubavuni, asimkumbatie shingo wala kumpapasa utosini. Kukumbatia, ambako kwetu ni upendo, mbwa wengi hukuona kama kubanwa.

Mwonyesheni pia dalili za mbwa anayeomba aachwe, kwa sababu ni wachache sana wanaong'ata bila kutoa taarifa. Mbwa aliyekakamaa mwili mzima, anayelaza masikio nyuma, anayegeuza kichwa huku weupe wa macho ukionekana, anayepiga miayo au kulamba pua wakati hana usingizi wala chakula, huyo anasema hataki. Kutikisa mkia si ushahidi wa furaha. Mkia ulionyanyuliwa juu na kutikiswa kwa haraka huku mwili ukiwa mkavu ni onyo. Na mbwa anayenguruma asichapwe kwa kunguruma, kwa maana akijifunza kunyamaza, siku nyingine atang'ata bila sauti.

Mbwa asiyefahamika akimjia, mtoto asikimbie, asipige kelele, asimtazame machoni na asimrushie jiwe. Asimame kama mti: miguu pamoja, mikono imeshikana mbele, macho chini, hadi mbwa aondoke, kisha arudi nyuma polepole. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe, magoti tumboni, vidole vimefumana nyuma ya shingo na viwiko vimefunika masikio. Mfanyieni mazoezi haya uani kama mchezo, tena na tena, kwa sababu mtoto aliyeambiwa kwa mdomo tu atakimbia.

Kwa wanaofuga

Mchanjeni mbwa kuanzia umri wa miezi mitatu na kila mwaka baada ya hapo. Kampeni nyingi za chanjo hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na afisa mifugo wa kata anajua lini itafika kwenu. Geti lijifunge lenyewe. Kibao kikiwepo, kisiwe badala ya komeo.

Mtoto aking'atwa

Mpelekeni mara moja bombani, au mmiminieni maji kwa kata, na muoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, mkizihesabu kwa kutazama saa. Sabuni ya kufulia ya mche inatosha. Dakika 15 ni ndefu mtoto anapolia, na hapo ndipo wengi wanapokatiza, lakini uoshaji huo ndio unaoondoa virusi vya kichaa cha mbwa kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Msitie mafuta ya taa, pilipili, majivu, dawa ya meno wala manyoya ya mbwa aliyeng'ata. Mkwaruzo uliotoa damu, au mate ya mbwa yaliyoingia jichoni, mdomoni au kwenye kidonda, yachukuliwe kwa uzito ule ule, na mtoto wa mbwa naye huambukiza.

Kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, mbwa awe wa kienyeji au wa kizungu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua, na dalili zinaweza kuchukua wiki, miezi, hata mwaka kujitokeza, kwa hiyo jeraha lililopona si ushahidi wa usalama. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na takriban watu 4 kati ya kila 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Hospitalini mtoto ataanza chanjo siku ile ile na kurudi siku ya 3 na ya 7, na pengine baadaye kulingana na ratiba ya hapo. Jeraha likiwa limepenya ngozi, uliza kuhusu imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari za kupambana na virusi, ambayo hudungwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Uliza na kuhusu chanjo ya pepopunda. Jeraha lisiharakishwe kushonwa kabla ya hayo.

Msimuue mbwa kwa hasira kama anaweza kufungiwa salama. Mbwa anayejulikana huangaliwa kwa siku 10, na akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Chanjo lakini haisubiri siku hizo ziishe. Mbwa akifa au akiwa ameshauawa, asizikwe kimyakimya: mwiteni afisa mifugo ili sampuli ya ubongo ifike maabara, na asishikwe kwa mikono mitupu. Jihadharini pia na mbwa aliyepooza taya na kudondosha mate bila ukali wowote. Watu hudhani amekwamwa na mfupa na kumtia mkono mdomoni, kumbe hiyo ni sura ya pili ya kichaa cha mbwa.

Mhudumu akiuliza habari za mbwa, mwelezeni mlichokiona: ukubwa wake, rangi, kama ana mwenyewe, kama alichokozwa, kama alikuwa akidondosha mate, na kadi ya chanjo kama ipo. Jina la mbegu likikosekana, hakuna dozi itakayobadilika. Kadi ya chanjo ya mtoto ihifadhiwe pamoja na kadi yake ya kliniki, kwa sababu akija kung'atwa tena miaka ya mbele, aliyekwisha kukamilisha chanjo hupewa dozi chache zaidi na hahitaji imunoglobulini.